Mweusi wa Kamati

Jumamosi hiyo ya mwaka 1987, magari yalijaa kwenye uwanja wa mji wa Greenbelt, Marekani, watu walikokuwa wakileta chupa na magazeti makuukuu. Mize alikuja kwa miguu, kanga ya zambarau begani, sare ya kulelea wazee ikiwa bado mwilini. Alikuwa keshachopoa pipani chupa nne za jemu pale bibi mmoja wa Kizungu alipomkemea kama mwizi.

"Mwache, yuko nami," mwanamume mmoja alisema kwa Kiingereza. Akayasoma maandishi ya kanga, akatabasamu, akageukia Kiswahili. "Dada, hizi zinapelekwa kusagwa."

"Zisagwe nzima nzima? Mie natilia achari!"

Nehemiah, Mtaita mrefu mwenye fulana ya kijani ya kamati ya mazingira, alicheka hadi miwani ikamteleza. "Basi sisi ni wanafunzi wako."

"Maneno yako matamu, kaka. Umelishwa asali?"

Alimbebea chupa hadi kwake. Toka siku hiyo simu ililia kila alasiri.

"Muhibu, umekula?" Mize angeuliza.

"Bila wewe hakipiti."

Kwa mapenzi, Mize akajiunga na kamati, akaleta majirani wanane, Waafrika na Wamarekani weusi. Nao walikuwa na lao: kampuni moja ilitaka kujenga kituo cha kumwagia taka nyuma ya nyumba zao.

Siku moja mkutanoni, akipita na kahawa, alimsikia mwenyekiti akimwambia Nehemiah: "Uliahidi kutuletea weusi, umewaleta. Yule binti wa chupa anapendeza pichani. Lakini habari ya kituo haituhusu."

Nehemiah akainamia karatasi zake.

Mize alitoka bila koti. Wiki mbili hakupokea simu. Hatimaye akainua mkono wa simu.

"Mize, please nisikize."

"Nijibu moja tu. Siku ile uliniona mie, au ulimwona mweusi wa kamati?"

"Mweusi wa kamati. Kwa dakika kumi za kwanza. Sitakudanganya."

Mize akakata simu. Alilia mpaka mto ukalowa. Nehemiah angemdanganya, Mize angalau angemchukia kwa raha.

Asubuhi ya kusikilizwa shauri la kituo, kwenye ofisi za wilaya huko Upper Marlboro, Mize alisimama mbele ya wakubwa akakipinga. Hakuna mtu wa kamati aliyefika. Kisha Nehemiah akaingia, suti imemkaa, akaomba nafasi. Akasema amejiuzulu kwenye kamati iliyozitaka nyuso za watu hawa na kuyakataa maneno yao.

Uamuzi ukaahirishwa mwezi mmoja.

Nehemiah alimkuta Mize kwenye ngazi za nje.

"Umeacha kamati kwa ajili yangu?"

"Kwa aibu yangu. Kwako nimekuja na ombi. Kubali nikuoe."

"Kaka yangu Vuai atakuuliza dini kabla hujakaa kitako."

"Najua."

"Na mie hasira hazijanitoka."

"Nitazingoja zitoke."

Mize akafungua mlango wa gari la majirani. "Mwezi ujao tunarudi, na mitaa mizima bado haijaambiwa habari ya kituo. Kesho utabisha milango nasi. Panda."

Nehemiah akapanda. Wanawake waliokuwa ndani walijisogeza kumpisha, hakuna aliyemchekea. Mize akatazama dirishani, lakini chini ya mkoba wake akamshika mkono, akaukaza.