Kompyuta Zilizovikwa Vitambaa

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga jikoni. Chai ilikuwa inachemka na nje bado giza. Mjukuu wangu Wanjira alikuwa macho, lakini hakutaka kuvaa sare.

"Shosho, mimi siendi shule."

"Kwa nini?"

"Jana niliadhibiwa. Nilifunua kompyuta."

Kitambaa alichoondoa juu yake nilikijua. Shule yetu hapa Waithaka ilipopewa kompyuta, wazazi tuliombwa tuzitunze. Mimi nikafuma vitambaa vyeupe vya maua, kama cha redio yangu nyumbani. Basi zikakaa mwaka mzima, safi kabisa, bila kuguswa na mtoto.

"Vaa sare," nikamwambia. "Leo tunaenda wote."

Nilimpitia jirani yetu Ummulkheir, binti wa Lamu anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja Ngara. Ilikuwa siku yake ya kupumzika, lakini hakunung'unika. "Shikamoo, bibi," alisema, akachukua mkoba, akanishika mkono penye matope.

Tulimwomba mwalimu mkuu, Bwana Nzioka, Ummulkheir awafundishe kompyuta watoto wa darasa la Wanjira. Alitusikiliza akiwa amekunja mikono.

"Shosho, hawa ni darasa la tatu. Wangoje wafike la nane. Wakiziharibu je?"

"Mwalimu, Wanjira huniwashia jiko la makaa. Jiko linachoma. Kompyuta inachoma?"

Alikaribia kucheka. "Haya. Leo tu. Kitu kikiharibika, nafunga chumba na hawaingii tena."

Tulipoingia na watoto kwenye chumba cha kompyuta, nikavuta kitambaa changu kwa mkono wangu mwenyewe.

Ummulkheir akawaambia watoto, "Kompyuta haijui kukisia. Inafuata maagizo, moja baada ya jingine. Maagizo hayo ndiyo programu. Leo mtaandika yenu."

Kwenye skrini kulikuwa na mshale mdogo. Wanjira alitaka uchore mraba. Akaandika: nenda mbele, geuka kulia, nenda mbele, geuka kulia, nenda mbele, nenda mbele. Mshale ukachora kitu kama kiti kilichovunjika mguu.

"Ameiharibu!" watoto wakapiga kelele. Wanjira akaficha uso. Mwalimu Nzioka akatoa ufunguo mfukoni.

"Ngoja, mwalimu," Ummulkheir akasema. "Haijaharibika. Imetii. Kosa liko kwenye maagizo, na kosa la maagizo halivunji mashine. Tunalitafuta, tunalirekebisha."

"Mimi nikikosea mshono nafumua," nikasema. "Situpi uzi. Wanjira, fumua!"

Wanjira akasoma maagizo yake polepole kwa kidole.

"Ai! Hapa nimesahau kugeuka!"

Akarekebisha. Mraba ukatokea, umefunga vizuri. Watoto wakapiga makofi, hata wale waliomcheka.

Kisha Ummulkheir akawafundisha agizo la kurudia. Chora mraba, geuka kidogo, rudia. Mraba ukaja juu ya mraba, mpaka ua likajaa skrini.

"Ni ua la kitambaa cha Shosho!" Wanjira akasema.

Mwalimu Nzioka alisogea kulitazama. Akarudisha ufunguo mfukoni. Halafu akaondoa vitambaa vilivyobaki, akavikunja kimoja kimoja kwa uangalifu, kama mtu anayeheshimu kazi ya mikono, akanikabidhi.

"Watakuwa na somo hili kila Alhamisi," alisema. "Hata darasa la pili. Bi Ummulkheir, utakuja tena? Na wewe Shosho, njoo. Ila vitambaa viache nyumbani."