Mume wa Aina ya Moto

Sahani ilimkosa kichwa, ikapasukia ukutani.

"Hebu rudia ulichosema!" Meneja alifoka.

"Nimesema hakuna watu wa aina ya Moto, wala wa aina ya Maji," mkewe alijibu huku akijifuta mchuzi shingoni. "Tumewapima watu wale wale mara mbili, wengi wakatoka aina nyingine. Lile jaribio la tabia ni porojo."

Mkewe alikuwa mtafiti wa saikolojia, na kosa lake alilijua mwenyewe: huyu bwana alimpata kwa jaribio hilo hilo. Moto na Maji mnafaana, waliambiwa, naye msomi mzima akaingia kichwakichwa! Tangu harusi, kila kofi lilikuja na maelezo. Mama mkwe naye wimbo wake ulikuwa mmoja: "Vumilia mwanangu, ndiyo aina yake."

"Kwa hiyo mimi muongo?" Meneja aliuliza.

Ngumi ikampasua mdomo. Akamkamata nywele, akamgongesha kichwa kwenye kabati.

"Siwezi kujizuia! Ndivyo nilivyoumbwa!"

Simu ikaita. Meneja akatazama, akaona ni bosi wake, akakohoa kidogo.

"Shikamoo mzee... Aa, hujanisumbua hata kidogo... Usiwe na shaka, mzee wangu."

Sauti asali tupu, na nywele za mkewe bado ziko mkononi.

Hilo lilimuuma Mtafiti kuliko ngumi. Siku zote alimhurumia akidhani hawezi kujizuia. Kumbe anaweza vizuri sana, shetani huyu!

"Nani analia hapo?" bosi aliuliza.

"Televisheni, mzee."

"Si televisheni!" mke alipiga kelele. "Ni mimi mkewe! Ananiua!"

Mkono ukalegea. Mtafiti akamsukuma kwa nguvu zake zote, akatoka mbio bila viatu, akaenda kugonga kwa jirani.

Kesho yake, akiwa kwa dada yake na mdomo umeshonwa, ujumbe ukaingia:

"Nisamehe mpenzi. Nimelirudia lile jaribio kwa moyo safi. Sasa nimetoka Maji! Nimebadilika, rudi nyumbani."

Alicheka mpaka nyuzi zikavuta, kisha akalia. Dada yake akausoma, akasonya.

"Utamjibu nini huyu?"

Mtafiti akaandika: "Nakuamini. Wengi wakirudia hubadilika, ndiyo maana jaribio lenyewe halifai kitu. Tutaonana mahakamani, na huko jiite aina yoyote uipendayo."