Kilio Kilichoshika Namba Moja

"Pokea simu, mume wangu! Mtoto anapoa mwili!"

Mshonaji alijidunga sindano. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, lakini ilitoka mkobani mwa mteja. Mara ngoma zikaingia, na mteja, gauni likiwa limemkaa nusunusu, akaanza kutikisa mabega.

"Mlio wa simu yangu huo! Kwani huujui? Si wimbo wa mumeo Kinanda!"

"Kwangu redio haijawashwa tangu tumzike mwanangu."

"Basi umepitwa, shoga. Huku namba moja, nchi jirani namba moja, hadi ng'ambo wasikojua neno la Kiswahili wanauchezea harusini. Na huyo mwanamke wa mwanzo, jamani, anajua kulia! Utadhani kweli."

"Ni kweli," alisema mshonaji, akafyonza damu kidoleni.

Jioni Kinanda aliingia meno yote nje, simu kaishika juu kama kombe.

"Mke wangu, tumeshika namba moja nchi nyingine tena! Wiki ijayo naondoka, wananisubiri uwanjani."

Mama yake Kinanda, aliyekuwa akichambua mchele, aliinua uso. Mshonaji hakusimama.

"Sauti yangu uliitoa wapi?"

"Ipi? Aa, ile... Kwenye ujumbe wa sauti ulionitumia. Nilitaka iwe kumbukumbu ya mwanetu, mpenzi."

"Si uliniapia simu ilizima siku ile, hukupata kitu mpaka asubuhi, mtoto keshakata roho?"

"Ndiyo. Niliusikia baadaye, nikauweka."

"Baadaye lini?" Mama mtu aliweka ungo chini. "Wimbo huu si ndio mliokuwa mkiurekodi siku ile ile? Na tangu maziko hujakanyaga studio, ulisema uchungu umekuzidi. Sasa sauti iliingiaje, mwanangu? Ilitembea kwa miguu?"

Njia ya mwongo fupi. Kinanda akatazama mlango.

"Nilidhani ni homa tu, mama. Mtayarishaji akasema sauti ina uchungu, tuisikie tena..."

"Mkairudia," alisema mshonaji.

"Mara chache tu."

"Mimi nakimbia barabarani, mtoto mgongoni, kila gari linanipita. Ninyi mnairudia."

Kinanda akapiga magoti. "Nisamehe, mama watoto."

"Watoto gani?"

Hapo hata mama mtu alijifunika uso kwa khanga. "Nimekuzaa mimi," alisema, "lakini leo natamani ungekuwa wa jirani."

Kinanda alisafiri hivyo hivyo, maana uwanja haungoji mtu. Siku ya onyesho ujumbe ukaingia kwenye simu ya mshonaji:

"Watu wamefurika, wanaimba maneno yako kwa sauti moja. Miguu inakataa kupanda jukwaani. Niambie neno moja tu. Pokea simu, mke wangu."

Kisha simu ikaanza kuita. Ikaita, ikakatika, ikaita tena, ikitembea yenyewe juu ya meza ya cherehani.

"Mwanangu, inaita," alisema mama mkwe taratibu.

Mshonaji alipitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Mbona mimi naona imezima, mama?"

Bibi kizee alimtazama mkwewe, akaitazama simu. Akachukua kipande cha kitambaa, akaifunika kama anavyofunikwa maiti.

"Kweli," alisema. "Imezima."

Cherehani ikaanza tena kulia.