Mpira wa Maji Kwenye Njia ya Oili

Walikutana kwenye banda la vipuri chakavu nyuma ya soko la Tabora, watu wamebanana, redio tatu zinashindana kwa kelele. Wote wawili walishika rejeta moja ndogo ya oili, iliyong'olewa kwenye lori lililopinduka.

"Dada, achia. Mimi ndiye niliyeishika kwanza," alisema kijana mwenye shati la samawati lililonyooshwa likanyooka.

"Kaka, kwanza unajua inafungwa wapi hiyo?"

Hakujua. Kornel alikuwa mteuzi wa tumbaku, mtu wa kupanga majani kwa daraja, na magari aliyajua kwa kuyaendesha tu. Marehemu mjomba wake alimwachia Datsun nyekundu ya milango miwili, gari la mbio la miaka ya sabini. Injini yake ilipokufa, akaweka nyingine kubwa zaidi. Sasa kila akikimbia nusu saa, oili inachemka, inakuwa nyepesi kama chai, na taa ya hatari inawaka.

Najiat, binti wa mzee Lukumani fundi rejeta, alikuwa amevaa ovaroli juu ya dera, vidoleni hina na grisi. Alicheka mpaka muuzaji naye akacheka.

"Injini kubwa, boneti dogo, halafu unashangaa linapata homa? Hiyo oili inataka rejeta yake peke yake ya kuipoza. Lilete gereji."

Akalileta. Akaendelea kulileta hata siku ambazo halikuwa na tatizo lolote, na mimi naamini hata mzee Lukumani angeshtuka mapema kama macho yake yangekuwa mazuri.

Miezi mitano baadaye walikuwa wapenzi wa siri. Mama yake Kornel, Bernadeta, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kule Usoke. Mzee Lukumani hakukosa swala ya alfajiri msikitini. Najiat aliwaogopa wote wawili, na simlaumu.

Asubuhi moja ya Jumamosi mzee alikwenda Kwihara kwenye arobaini. Gereji wakabaki wawili. Rejeta ya oili ilikuwa imeshafungwa nyuma ya grili. Mipira yake maalumu, inayohimili presha na moto, ilikuwa bado kwenye basi la kutoka Mwanza. Kwa muda Najiat alikuwa amefunga mipira ya kawaida ya maji, aone tu kama viungo vinavuja, injini ikinguruma polepole palepale gereji. Alikuwa anafungua mdomo amwambie Kornel hivyo, Kornel akamtangulia.

"Naji wangu, leo twende wote Usoke. Ukamwone mama."

"Leo? Kornel, unataka kuniua?"

"Sema tu unaona aibu kuwa na mimi."

"Naogopa! Si aibu!"

"Miezi mitano unaogopa. Haya, baki na woga wako."

Najiat akakimbilia chumba cha nyuma kuficha machozi. Huko ndiko alikosikia injini ikiwaka. Alipotoka, msumari wa funguo ulikuwa mtupu na vumbi limetanda mtaani.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Kornel, tayari yuko barabara ya Urambo kuelekea Usoke, aliiona simu ikitetemeka kiti cha pembeni. "Lia weee," alisema kwa sauti. "Sipokei." Akaongeza mwendo.

Najiat aliwahi kuona gari lililoungua kwa namna hiyo. Oili ya moto hulainisha mpira wa maji, mpira huvimba, hupasuka, oili humwagikia eksozi, lile bomba la moshi, na moto huanzia miguuni mwa dereva.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Kornel hakosi kupokea simu yake. Namba yake Najiat alikuwa nayo tangu Kornel alipoazima simu yake siku moja kumpigia mama. Aliihifadhi kwa jina la "Mteja Usoke" ili baba yake asiulize. Aliitazama. Akabonyeza.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Naitwa Najiat, mama. Fundi, Tabora. Kornel anakuja huko na gari bovu, linaweza kuwaka moto. Simu yangu hapokei. Mpigie azime, mama, nakuomba!"

"Fundi gani analia hivyo? Wewe ni nani wake?"

Najiat alifumba macho. "Mpenzi wake."

"Najiat. Muislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Kata simu nimpigie mwanangu."

Baada ya hapo hakuna aliyepiga. Najiat alidandia bodaboda ya Majidi, jirani yao, wakatoka mbio. Nje ya mji akaona lami ina matone meusi. Mbele kidogo matone yakakaribiana. Mbele zaidi yakawa mstari.

"Usinitazame, Majidi. Endesha!"

Mstari ulikata kona, ukaingia kandokando ya barabara. Datsun ilikuwa pale, boneti wazi, moshi mwembamba ukipanda. Kornel alikaa kwenye majani, hatua thelathini kutoka garini, shati la samawati limeloa jasho.

Najiat alimkimbilia akampiga kifuani kwa ngumi mbili. "Kwa nini hupokei simu? Kwa nini?"

"Nilidhani unataka kuendeleza ugomvi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama alipopiga ndipo nikazima, nikafungua boneti, Naji. Mpira umevimba kama tumbo la chura. Umebaki upana wa vidole viwili tu oili ifike kwenye eksozi."

"Ningekuambia mapema. Kosa ni langu."

"La kwangu pia. Nisamehe, laazizi." Alimkumbatia.

Simu ya Kornel ikalia. Akapokea, akasikiliza, akampa Najiat.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni mzima?"

"Mzima, mama. Hajaungua popote."

Bernadeta alishusha pumzi. Alipoongea tena, sauti ilikuwa na machozi. "Asante. Hayo mengine sijayakubali, usinielewe vibaya. Lakini nataka nikuone." Kisha akauliza: "Baba yako anajua?"

"Hajui, mama."

"Basi mpigie. Mimi umeshaniweza."

Najiat akamtazama Kornel. Kornel akamshika mkono, na kwa mkono wa pili Najiat akabonyeza namba ya baba yake.

"Shikamoo, baba," alisema. "Baba, umekaa? Nina neno zito la kukuambia."