Shahidi wa Dakika ya Tatu

Naseeb alijulikana kwa sauti. Jumamosi moja alikuwa sokoni Yeoville, mtaa wa wageni kusini mwa Afrika, anabishana bei ya kisamvu, dada mmoja nyuma yake akaangua kicheko.

"Wewe si ndiye wa taarifa ya saa saba? Redioni unatisha, kumbe mfupi hivi!"

Akageuka. Gauni la kitenge cha buluu, vibanio vya nywele vimepangwa kwenye kola, harufu ya udi. Kijana wa Tanga akasahau kisamvu chake.

"Mfupi, lakini napatikana," akajibu.

Huyo ndiye Ummi, Mrundi wa Buyenzi, msusi. Mwaka mzima wakapendana kwa simu za "umekula?" na "kata wewe kwanza." Saluni kwa kina Ummi redio haikubadilishwa stesheni.

Mpaka Jumanne ile. Ulaya walikuwa wanamshtaki mzee wa miaka mia, zamani mlinzi katika kambi ya mauaji ya Wanazi. Naseeb akaitafsiri habari pale studio yao Kensington, chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani kuzuia kelele. Taarifa yao ni dakika mbili, ya tatu ni ya matangazo ya biashara. Habari ikazidi, akakata. Akamwacha mzee na kiti chake cha magurudumu na blanketi lake. Akamtoa shahidi, bibi kizee aliyesafiri kuja kutaja jina la baba yake aliyeuawa kambini. Halafu, kwa kunogesha tu, akatia na lake: "Miaka mia, jamani! Si wangemwacha mzee wa watu apumzike?"

Wasikilizaji wakamwaga meseji: masikini babu! Ummi hakuandika kitu. Siku tatu simu ikaita bila jibu, ya nne akapokea.

"Ummi wangu, nimekukosea nini?"

"Mama alikuwepo saluni. Uliposema apumzike, akainuka akazima redio. Waliomtoa baba nyumbani wakati wa vita vya kwetu, wakamuua, hawajasimama mahakamani hata siku moja, Naseeb. Wanapumzika."

"Wallahi sikujua."

"Hukuuliza! Kila siku wataka kujua nimekula nini. Baba yangu hujamuuliza hata jina."

Safari hii alikata Ummi kwanza.

Eish, Naseeb alijichukia. Angekuwa hakuisoma ile habari, angejitetea. Lakini aliisoma yote, ushahidi wa bibi yule aliuona vizuri, akaufuta ili tangazo la mchele lipate nafasi.

Kesho yake saa saba akafungua maikrofoni. "Jumanne niliwasomea nusu ya habari, na nikatia maneno yasiyonihusu. Naomba radhi. Leo namsoma shahidi." Akamsoma mpaka mwisho, jina la baba yake na siku ya mwisho alipomwona. Bosi aligonga kioo cha mlango, akaonyesha saa, akagonga tena. Mchele haukutangazwa.

Kutoka hapo akapanda teksi hadi Yeoville, bado na shati lake jeupe la kazini limelowa jasho. Ummi alikuwa anasuka kichwa cha mteja, mama yake amekaa pembeni anachambua rasta za kusukia.

"Nimekusikia," Ummi akasema bila kugeuka. "Bosi hajakufukuza?"

"Kaninunia tu. Ummi, nilikuwa nimepanga kuja kuposa mwezi huu. Huku sina wazee wa kuwatuma, ningekuja mwenyewe. Njiani nimeona aibu. Shehe atauliza, Ummi binti nani? Nami nitabaki nimeduwaa kama mjinga."

Mikono ya Ummi ikasimama. Naseeb akamgeukia mama, akainama.

"Shikamoo mama. Nisamehe. Mzee aliitwa nani?"

Mama akaweka rasta chini.

"Bakiri," akasema. "Bakiri fundi saa. Sasa vuta kiti, mwanangu. Huyu haenei kwenye dakika mbili zako."

Ummi akaizima redio mwenyewe, akamsogezea kiti.