Mlango wa Baba na Misumari Iliyokunjwa

Kila asubuhi fundi viatu hutoa meza yake barazani. Hupanga soli na gundi, kisha hujaza misumari midogo mdomoni. Wateja wakimsalimu, huitikia kwa kichwa tu. Mkewe husema misumari hiyo ni baraka, maana mume mwenye msumari mdomoni hawezi kubisha.

Mama yake fundi anaishi nao. Alikuwa na chumba chake uani, lakini mvua kubwa zilipokuja ukuta ulianguka pamoja na paa. Bahati nzuri, yeye alikuwa jikoni. Katika chumba kile mlango ndio uliobaki mzima. Marehemu mumewe aliutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ulikuwa na mbao nne ndefu za mti mgumu, zilizoshikwa kwa nyuma na mbao fupi zilizokingama.

Tangu siku hiyo mama alilala sebuleni, godoro chini. Hakulalamika. Aliomba jambo moja tu.

“Mwanangu, mlango ule usiwe kuni. Nitengenezee kitanda. Nataka kulalia mbao za babako.”

“Hilo limekwisha, mama,” fundi alijibu.

Jumapili aliuburuta mlango hadi katikati ya ua. Akachukua nyundo na mtaimbo wa chuma. Mama akaja na kigoda chake, akaketi karibu.

“Geuza kwanza, mwanangu,” alisema.

“Mama, wewe pumzika,” fundi alicheka. “Mimi nala kwa misumari. Msumari gani utanishinda?”

Mama akavuta kigoda chake nyuma kidogo.

Wa kwanza tu ulimshinda. Fundi alichomeka mtaimbo kati ya mbao ndefu na ile ya kukingama, akaulalia kwa uzito wake wote. Mbao ikalia. Msumari haukutoka, ila mbao ilipasuka kutoka juu hadi chini.

“Hii ilikuwa na ufa tangu zamani,” alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Ya pili nayo ikapasuka. Hapo angeweka mtaimbo chini, akanywa maji, akafikiri. Lakini hasira hasara. Alivuta tena kwa nguvu zaidi, na ya tatu ikapasuka.

Mama aliinuka, akabeba kigoda chake, akaingia ndani. Afadhali angemgombeza.

Makelele yalimfikia jirani. Huyu ni mama anayetengeneza mabanda ya kuku kwa mbao za makreti ya sokoni, na watu humwita Mama Makreti. Alichungulia juu ya ukuta.

“Jirani, unaufungua huo mlango au mnapigana?”

“Tunapigana.”

“Na nani ameshinda?”

Fundi alizitazama mbao zake. Hakuweza kucheka.

Mama Makreti akazunguka, akaingia uani. “Kwanza vaa viatu. Fundi viatu mzima, pekupeku katikati ya misumari! Msumari ukikuchoma, osha kidonda, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pepopunda haina mzaha.”

Fundi akavaa viatu. Mama Makreti akaigeuza ile sehemu ya mlango iliyobaki.

“Tazama huku nyuma.”

Ncha zote za misumari zilikuwa zimekunjwa na kulazwa ndani ya mbao.

“Aliyetengeneza mlango huu hakutaka ung’oke,” alisema. “Ukivuta kwa mbele, ncha iliyokunjwa inashika kama ndoana. Msumari hautoki, mbao ndiyo inayopasuka.”

“Sasa nifanyeje?”

“Inyanyue ncha kwa bisibisi na nyundo. Inyooshe kwa koleo. Kisha igonge taratibu, mpaka kichwa kichomoze upande wa pili. Hapo ndipo unakishika.”

Aliweka kipande cha mbao chini ya makucha ya nyundo kabla ya kung’oa. “Hiki kinaongeza nguvu, na kinailinda mbao isibonyee.”

Misumari miwili ikatoka. Wa tatu ukagoma. Fundi akaunyakua mtaimbo.

“Weka chini hicho chuma!” Mama Makreti alimkemea. “Ukigoma, tia tone la mafuta, ungoje. Ugonge kidogo urudi ndani, kutu iachie. Halafu uuzungushe kwa koleo huku ukivuta. Subira yavuta heri.”

Wakangoja. Fundi hakupenda kungoja, lakini msumari ulitoka. Kila msumari waliutia katika kopo, usije ukamchoma mtu. Mwishoni Mama Makreti alipitisha sumaku juu ya mbao, kwa sababu msumari uliosahaulika huharibu meno ya msumeno.

Mbao ya nne ilitoka nzima.

“Moja haitoshi kitanda,” fundi alisema.

“Haitoshi,” Mama Makreti alikubali. “Inatosha benchi. Miguu tutaikata kwenye vipande vizima vya hizo nyingine.”

Benchi lilitengenezwa, nalo ni imara. Baadaye fundi alitoa misumari yote ya mbao za paa la kile chumba, na hakupasua hata moja. Alizitumia kujengea kibanda cha kazi. Siku hizi majirani wakiwa na mbao kuukuu humletea, naye huwaonyesha namna ya kuzigeuza kwanza.

Mama analala kwenye kitanda cha chuma cha kununua. Jioni huketi kwenye benchi, akipapasa matundu ya misumari. Siku moja fundi aliketi kando yake.

“Mama, kwa nini baba aliikunja misumari yote?”

“Wakati ule kulikuwa na wezi. Alikuwa akigonga upande mmoja, mimi nimeushikilia mlango upande wa pili. Nilikuwa na mimba yako.”

“Kumbe ulijua! Mbona hukuniambia?”

Mama alimgeukia.

“Nilikuambia, mwanangu.”

Fundi akakumbuka kigoda, na yale maneno mawili aliyoyacheka. Akainamisha kichwa.

“Nisamehe, mama.”

“Nilikusamehe siku ile ile,” mama alisema, mkono wake ukiwa bado juu ya mbao. “Lakini kitanda kile nilikitaka, mwanangu.”