Spana ya Mbaluka

Rafiki yangu Mbaluka, karani anayeishi Umoja, huwadharau mafundi wote wa mtaani. "Wanachuchumaa kama vyura," husema. Jumamosi moja mchana alijiundia meza ya kazi katika gereji ya nyumbani kwake, ikamfika kiunoni sawasawa, na chini akatandika zulia ili miguu isichoke. Akajifungia kwa komeo, majirani wasije kuombaomba vifaa.

Alikuwa amelala chali chini ya meza akikaza vaisi ya kubania mbao, mara stima ikapotea. Gereji haikuwa na dirisha, giza likawa totoro. Akasikia nyayo zikiburuzwa sakafuni. Kwa hasira akasahau komeo, akadhani ni mkewe, Kavinya.

"Usisimame hapo kama mlingoti. Nipe spana," akasema, akinyoosha mkono.

Akapewa.

"Si hii! Kumi na saba! Hata kusoma namba ni kazi?"

Vyuma vikagongana taratibu juu ya meza. Spana nyingine ikatua kiganjani mwake.

Ndipo mlango ukagongwa kwa nje. "Baba Ndete, mbona umejifungia?" Kavinya aliita. "Nimetoka sokoni, nifungulie!"

Mbaluka akaivuta ile spana. Haikuja. Upande wa pili ilikuwa bado imeshikwa.